Mpira Nyuma ya Gurudumu

Asafiriye katika barabara kuu kutoka Morogoro hupita Buigiri kabla ya kufika mjini Dodoma. Hapo pana shule ya wasioona, iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, nayo ilikuwa ya kwanza ya namna yake nchini. Jirani yake ni Chamwino, ilipozinduliwa Ikulu mpya mwaka 2023. Miongoni mwa magari yapitayo huko zimo pikapu, zichukuazo mahindi, alizeti, mbuzi na madumu ya maji. Baadhi yake zina kipande cha mpira kining'iniacho nyuma ya kila gurudumu, nyingine hazina. Je, kuufunga mpira huo ni wajibu wa mwenye pikapu, au ni hiari yake tu? Swali hili ni dogo kwa umbo, lakini si dogo kwa maana.

Ugogo ni nchi ya msimu mmoja wa mvua, uanzao karibu na Desemba na kwisha Aprili. Kwa uchache wa mvua hiyo mtu aweza kudhani kuwa matope si neno huko. Lakini inyeshapo kwa kishindo, udongo wa njia za vijijini hugeuka uji. Na kiangazi nacho kina kokoto zake. Gurudumu lizungukapo huokota kitu ardhini, likakiinua, kisha likakitupa. Kitupwacho na magurudumu ya nyuma aghalabu hakimgusi dereva. Humwangukia afuataye: mpanda baiskeli mwenye gunia la mkaa, au msafiri ambaye kioo cha gari lake hupasuliwa na jiwe dogo.

Hapo ndipo ilipo asili ya shauri. Anunuaye mpira hutoa fedha yake, na afaidiye ni mtu asiyemjua wala hatamwona. Wako wasemao kwamba mpira hunaswa na mawe gari lirudipo nyuma, na kwamba hung'oka porini. Neno hilo ni kweli. Lakini tairi kuukuu likikatwa na fundi hutosha kwa kazi hii, na hasara yake ni ndogo kuliko ya kioo kimoja kilichovunjika. Wengine husema kuwa afuataye na ajihadhari mwenyewe, kwani mwenye nguvu mpishe. Neno hilo ndilo bovu. Methali hiyo ni nasaha kwa mnyonge ili asalimike. Si ruhusa kwa mwenye nguvu ili adhuru. Tena jiwe litokalo katika gurudumu halitoi nafasi ya kupisha.

Hata hivyo, mpira usisifiwe kupita kiasi. Huzuia kitupwacho nyuma, lakini maji yarukayo ubavuni gurudumu likanyagapo dimbwi huyazuia kidogo sana. Kinga yake ni mguu wa dereva, upunguzao mwendo. Na amfikirie mwanafunzi asiyeona, atembeaye kando ya njia na fimbo yake mkononi. Gari hulisikia mapema, pengine kabla ya mwenzake mwenye macho. Dimbwi lililo kati yake na gari halisikii. Habari ya dimbwi hilo anayo dereva peke yake. Ajuaye hatari ambayo mwenzake hawezi kuijua amekwisha kuchukua wajibu wa wawili.

Basi sheria yaweza kuamuru mpira ufungwe, na askari aweza kuukagua gari likiwa limesimama. Mguu juu ya breki, katika njia tupu, wakati wa mvua, haukaguliwi na mtu. Afungaye mpira kwa kuogopa faini, kisha akapita dimbwini kwa kasi, ametii amri akaacha maana yake.

Kwa hiyo yafaa kila pikapu iwe na mpira huo, nao uwe mwanzo wa adabu ya njiani, usiwe mwisho wake. Dereva hutazama mbele kwa kuwa huko ndiko aendako. Lakini njia aliyokwisha kuipita bado ina watu, na hao nao wana safari zao.