Nilitabiri, Ikawa Kweli



Niko kwenye mwaka wa kichungaji, na jioni baada ya mazoezi ya kwaya vijana wa VIWAWA huniomba ufunguo wa ukumbi "wajisomee". Kujisomea kwenyewe ni kuzunguka simu moja na kuangalia chesi ya kasi ya mtandaoni. Wiki iliyopita walirudia fainali ya Junior Speed Chess Championship ya 2020: Nihal Sarin wa India dhidi ya Alexey Sarana wa Urusi. Mechi hiyo ilikuwa ya saa tatu. Dakika 90 za michezo ya dakika tano, kisha 60 za michezo ya dakika tatu, na 30 za mwisho zilikuwa za dakika moja moja, hapo vidole vinakimbia kuliko akili. Kabla ya kubonyeza, kila ambaye hakujua matokeo aliandika utabiri kwenye karatasi. Atakayepatia ananunuliwa soda. Nihal alikuwa na miaka 16, Sarana 20. Nikaandika kwa kujiamini kabisa: Sarana. Mkubwa ni mkubwa.

Nihal akashinda 18 kwa 7. Walinicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Sasa, kutabiri chesi si ramli, kuna hesabu yake. Aliyeiweka ni Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria, mwalimu wa fizikia pale Marquette, chuo kikuu cha Wajesuiti huko Milwaukee, Marekani (hapo nilifurahi kidogo, nakiri). FIDE, shirikisho la chesi duniani, lilianza kuutumia mfumo wake mwaka 1970. Ukimzidi mpinzani pointi 200, unatarajiwa kuvuna kama asilimia 76 ya alama. Ukimzidi 400, kama asilimia 91. Ila Elo mwenyewe hakujidanganya. Alifananisha kazi hiyo na kupima kizibo kinachopanda na kushuka juu ya maji, kwa rula iliyofungwa kwenye kamba inayoyumba na upepo.

Kilichonigusa zaidi ni kanuni nyingine ndogo. Kila baada ya mchezo, pointi zako hupanda au kushuka kwa kizidishio fulani. Kwa FIDE, aliyekwisha kufika 2400 kizidishio chake ni 10. Kijana wa chini ya miaka 18 ambaye bado yuko chini ya 2300, ni 40. Mara nne! Watu wa hesabu, bila kuhubiriwa na mtu, wamekubali kwamba namba ya kijana haikai mahali pamoja. Wamemwachia nafasi.

Soma 1 Samweli 16. Nabii anafika kwa Yese na pembe yake ya mafuta, anamwona Eliabu, anajisemea moyoni kwamba ndiye huyu. Nabii kabisa, na amekosea. Wanapita wana saba. Wa nane yuko machungani na kondoo, na aliyemwacha nje ya hesabu ni baba yake mzazi.

Naandika haya kwa sababu ya jambo nililolibeba tangu seminari ndogo. Tulikuwa na mchezo wetu wa usiku bwenini: nani atafika upadre, nani hafiki. Kulikuwa na mdogo wetu mmoja, madarasa mawili nyuma yangu, mpole, Kilatini kinamshinda, kwenye tafakari anasinzia. Siku moja nikamwambia mbele ya wenzake, "Dogo, wewe hutoboi. Ukienda likizo hii, bakia huko huko." Wakacheka. Januari hakurudi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilizunguka nikiwakumbusha watu kwamba nilisema.

Labda angeondoka tu. Wengi huondoka, na Mungu ana kazi nao kwingine. Kwenye falsafa tulisoma swali la Aristotle kuhusu vita vya majini vya kesho: kama leo tayari ni kweli kwamba vitapiganwa, ya nini kushauriana? Mtakatifu Thomas wa Akwino naye anasema Mungu ni kama mtu aliye juu, anaiona barabara nzima kwa mara moja. Sisi tunaotembea barabarani hatuwaoni wanaokuja nyuma yetu. Nilipata alama nzuri kwenye mada hiyo. Kilichonipita ni kwamba utabiri wangu wa Nihal haukumfikia Nihal, mechi ilikwisha zamani. Utabiri wangu kwa yule dogo ulimfikia. Uliingia kwenye mechi yake, ukakaa upande wa mpinzani.

Kwa hiyo wewe unayemwambia mdogo wako hana kichwa cha hesabu, au unayesema fulani hata akiungama atarudia yale yale: unatabiri, au unasukuma? Na yale unayojitabiria mwenyewe usiku, ukiwa umeanguka tena, nani alikuambia kwanza?

Jumamosi, baada ya kitubio, niliitafuta namba yake. Siku hizi ni fundi wa kuchomelea mageti. Niliandika ujumbe mrefu, nikaufuta, nikatuma mfupi: "Nilikukosea pale bwenini. Naomba unisamehe." Jibu lilikuja kesho yake mchana.

"Frateri, sikutegemea utakumbuka."

Hajaandika zaidi. Nimemwomba nimpigie Jumapili, baada ya Misa ya pili.