Mlinzi Asiyepiga Baragumu

(Somo: Ezekieli 33:1–9)



Katika somo hili Bwana amweka nabii kuwa mlinzi wa nyumba ya Israeli. Kazi ya mlinzi si kutawala, wala si kupigana. Kazi yake ni kuona na kusema. Akiiona hatari inakuja naye akanyamaza, Bwana atamwuliza habari ya kila aliyepotea. Twazoea kulisoma neno hili kwa habari ya dhambi na toba, na ndivyo ilivyo. Lakini mwezi huu twataka kulisoma kwa habari ya jambo tunalolidharau, nalo ni hewa ya nje tuivutayo sote, na jirani yetu mwenye pumu.

Sikieni kwanza habari ya mtoto mmoja wa London. Jina lake Ella Adoo-Kissi-Debrah, naye alizaliwa mwaka 2004. Alikaa na mama yake Lewisham, karibu sana na barabara kuu yenye motokaa nyingi. Mwaka 2010 alianza kukohoa, ikaonekana kuwa ana pumu kali. Tangu hapo alipelekwa hospitali zaidi ya mara 20. Leo apata nafuu na kurudi nyumbani, kesho ashikwa tena. Tarehe 15 Februari 2013 alifariki, naye hajatimiza miaka 10.

Uchunguzi wa kwanza wa kifo chake, mwaka 2014, haukuitaja hewa. Mama yake, Rosamund, hakuacha kuuliza, hata mahakama kuu ikautangua uamuzi ule mwaka 2019. Ndipo tarehe 16 Desemba 2020, Philip Barlow, hakimu mwenye kuchunguza sababu za vifo, akatamka ya kwamba hewa chafu ilikuwa na sehemu katika kifo cha mtoto huyu, na ya kwamba uchafu ule ulitoka hasa kwa motokaa. Katika Uingereza hakuna aliyetangulia kuandikiwa sababu ya namna hii. Tena akasema neno zito: mama hakupewa habari ya hatari ile, kama angalipewa, angalifanya la kufanya, na labda mtoto asingalikufa.

Ndugu, tulipolisoma neno hilo tulimkumbuka mlinzi wa Ezekieli. Waliojua madhara ya moshi walikuwapo. Baragumu ilikuwapo. Aliyelala njiani pa hatari hakuisikia.

Yafaa tujue hatari yenyewe ni nini. Ndani ya kifua mna mirija ipitishayo pumzi. Kwa mwenye pumu mirija hiyo ina uvimbe, nayo ni myepesi wa kukasirika. Moshi wa motokaa, wa viwanda na wa takataka huchukua chembe ndogo mno, hata unene wake haufikii sehemu moja katika 20 ya unene wa unywele. Pua haiwezi kuzizuia, nazo hushuka mpaka ndani ya mapafu. Pamoja nazo zimo gesi zisizoonekana, kama ile iitwayo nitrojeni dioksaidi. Zikifika, uvimbe huzidi, misuli ya mirija hukaza, makohozi hujaa, na njia ya pumzi huwa nyembamba kama unyasi. Ndipo mtu akohoa, kifua chalia kama filimbi, naye hutafuta pumzi asiipate. Watoto huumia zaidi, maana mapafu yao yangali yakikua, nao huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima tukilinganisha na uzito wa miili yao.

Sasa tusiinyoshee London kidole. Kwetu sisi, kila Jumamosi tulifagia kiwanja cha kanisa, tukakusanya majani na taka, tukatia moto, tukafurahi kuwa nyumba ya Bwana i safi. Mama mmoja jirani alikuwa na mtoto mwenye pumu, naye Jumapili nyingi hakuonekana ibadani. Wazee walisema amepoa katika imani, na sisi mchungaji tulikubali bila kwenda kumwuliza. Tulipokwenda, alitujibu kwa upole ya kwamba usiku wa Jumamosi hakulala, alikuwa akimpakata mtoto. Tulinyamaza, maana moshi ulikuwa wetu.

Wako wasemao, “Ugonjwa ni mapenzi ya Mungu.” Lakini Mungu ndiye aliyempa mtu pumzi tangu mwanzo, je, tutamsingizia yeye moshi tuliouwasha kwa mikono yetu? Tulitendalo tunaweza kuliacha. London wenyewe, baada ya ukungu wa moshi wa Desemba 1952 ulioua watu kwa maelfu, waliwekewa sheria ya hewa safi mwaka 1956. Na tangu mwaka 2019 motokaa zenye moshi mbaya hutozwa fedha katikati ya mji, na tangu Agosti 2023 katika mitaa yake yote.

Basi walimu na wazee, twawasihi. Taka za usharika zisichomwe karibu na nyumba za watu. Majani na yafukiwe yawe mbolea. Mwenye motokaa asiiache ikinguruma mlangoni pa kanisa au shule. Mwenye pumu akiwa na safari, na apite njia ya ndani iliyo mbali na barabara kuu, na siku ya moshi mwingi asifanye kazi nzito nje. Dawa ya kuvuta aliyopewa ya kutuliza uvimbe aitumie kila siku kama alivyoagizwa, hata akijiona mzima. Na ile ya kufungua kifua asiiache nyumbani. Akishindwa kusema maneno machache kwa kukosa pumzi, apelekwe hospitali mara moja. Maombi yafanyike njiani, yasiwe sababu ya kukawia.

Na zaidi ya yote, semeni. Mwambieni mama yule ambaye hajaambiwa. Mlinzi hakuulizwa kama alimponya mtu; aliulizwa kama alipiga baragumu.

Bwana aliyetupa pumzi atujalie kuitunza na ya jirani. Amina.