Ramadhani 16: Nani Aliyemuua Mgeni wa Mtoni?



Leo tunasafiri mbali kidogo. Aliyeko jikoni amalize kwanza sambusa zake, maana darsa ya leo ni ndefu kuliko ya jana.

Iko nchi inaitwa Laos, Kusini-Mashariki mwa Asia, nchi isiyo na bahari. Kati ya mji mkuu wake Vientiane na mji wa kale wa Luang Prabang kuna mji mdogo wa Vang Vieng, kando ya mto Nam Song. Nyuma ya mto imesimama milima ya mawe ya chokaa, na pembeni kuna mashamba ya mpunga. Watu wake wengi ni wa dini ya Buddha, wapole, wenye haya katika mavazi. Ni watu ambao sisi wa pwani tungeelewana nao upesi.

Mwaka 1999 mkulima mmoja wa hapo, Thanongsi Sorangkoun, alinunua tyubu za matairi ya magari makubwa. Alikuwa na vijana wa kigeni waliokuja kumsaidia shambani kwa kujitolea, akataka wapate pa kupumzikia baada ya kazi. Unakaa juu ya tyubu, miguu inaning'inia, mto unakuchukua taratibu hadi mjini. Basi. Hakuna pombe, hakuna muziki. Mimi sioni kosa hata moja hapo. Watoto wetu nao, wakipata tyubu iliyotobolewa na misumari, huiziba wakaingia nayo baharini, na mzazi akapita akicheka.

Lakini habari ikaenea kwa wale watalii vijana wanaozunguka Asia na mabegi mgongoni na pesa kidogo mfukoni. Wakaja mia, wakaja maelfu. Kukodisha tyubu kukawa ushirika wa kaya zaidi ya 1,000 za vijiji vya hapo, wakipeana zamu ili kila kijiji kipate fungu lake. Mpaka hapo bado mambo si mabaya, kusema kweli. Ni wachache kati yetu waliowahi kugawana riziki ya watalii kwa haki namna hiyo.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Kwenye ule ukingo wa mto, kilomita chache tu, zikajengwa baa za mbao na mianzi, moja baada ya nyingine. Unashushwa na bajaji juu kaskazini ya mji, unaingia majini, na kabla hujatulia kuna kijana amesimama ukingoni anakurushia kamba. Unaishika, anakuvuta kwake. Ukifika unapewa kikombe cha lao-lao, pombe kali ya mchele, bure. Cha pili unanunua. Kisha pombe iliyochanganywa inakuja katika ndoo ndogo za plastiki, zile za watoto kuchezea mchanga. Baa nyingine ziliuza na dawa za kulevya, zimeandikwa kwenye orodha ya vinywaji kama mtu anavyoandika chai ya maziwa. Juu ya mto zikafungwa pembea za kamba, na mitelezo mirefu ya kurukia majini. Watalii waliondoka wamevaa fulana zenye jina la mchezo huo, wanatembea nazo nchi hadi nchi kama cheti.

Na mto, ndugu zangu, haukunywa. Mto ulibaki mto. Kiangazi maji hupungua na mawe hukaribia juu. Masika maji huja kwa kasi na rangi ya udongo, huoni chini. Mtu aliyekunywa tangu saa nne asubuhi anapanda juu, anashika kamba, anaruka saa kumi jioni mahali ambapo hakuna aliyepima kina.

Mwaka 2011 hospitali ndogo ya mji ule iliandika vifo vya watalii 27 angalau. Wengi walizama au waligonga kichwa kwenye mwamba. Hesabu hiyo haikuwajumuisha waliokimbizwa moja kwa moja Vientiane wakafia huko. Kwa mji mmoja mdogo, mwaka mmoja, mchezo mmoja.

Swali langu la leo ni hili: nani aliwaua?

Muulize mwenye tyubu, atasema mimi nilikodisha tyubu. Muulize dereva wa bajaji, yeye alibeba abiria. Kijana wa kamba aliajiriwa kurusha kamba. Mwenye baa alitoa kikombe kimoja, na tena bure, ukarimu huo. Fundi alifunga pembea imara, haikukatika. Polisi hakuwepo. Na kila mmoja atamalizia kwa maneno yale yale: mgeni ni mtu mzima, alikuja mwenyewe, alilipa mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha.

Maneno haya hayaishii Laos. Kijana mmoja wa hapa kwetu, anafanya kazi kwenye boti ya kutembeza wageni, aliniambia, "Shekhe, mimi nashika usukani tu. Wanachokunywa mle ndani ni chao." Sikumkemea. Ana mama mgonjwa na wadogo zake wanasoma kwa usukani ule. Na hukumu ya kubeba pombe anaijua toka chuoni, sina haja ya kumsomea upya. Ninyi pia mnaijua hadithi ya Mtume (s.a.w.) inayotaja watu kumi katika jambo la ulevi. Mnywaji ni mmoja tu kati yao. Waliobaki ni mkamuaji, mbebaji, mnyweshaji, muuzaji, anayekula thamani yake, na wengine mnaowajua. Tulipokuwa wadogo tuliihifadhi kama orodha ya adhabu tu. Nilipokuja kusomesha ndipo nikaiona kwa jicho jingine: ile hadithi inakataa kabisa hesabu ya kugawanya. Sisi tunadhani kosa likigawanywa kwa watu kumi kila mmoja anabeba sehemu ya kumi. Darasani hesabu hiyo ningeitia tiki. Lakini kifo hakigawanyiki hivyo. Yule aliyerusha kamba angeacha, mgeni angepita. Yule wa kikombe cha bure angeacha, mgeni angefika kwenye pembea na akili yake. Kila mmoja peke yake angeweza kuukata mnyororo, na hiyo ndiyo sababu kila mmoja anaulizwa peke yake.

Haya, turudi kwenye hoja ya mtu mzima, maana ina uzito na sitaki kuikwepa. Ni kweli, mgeni ana dhamana ya nafsi yake. Aliyejirusha alijirusha. Sitamvua dhamana hiyo kwa sababu ni mgeni au ni kijana. Kumvua ni kumdharau. Lakini hivi, ridhaa ni nini? Mafaqihi wanaanza na akili kabla ya kuhesabu ridhaa. Ndiyo maana wanamzungumzia mlevi, mtoto na aliyelala katika milango yao mbalimbali. Na biashara ya mto ule ilipangwa hatua kwa hatua kuiondoa akili kwanza, halafu kuuliza ridhaa baadaye. Kikombe cha kwanza kiliwekwa bure kwa sababu kilikuwa chambo. Mvuvi yeyote hapa anajua chambo hakiuzwi kwa samaki.

Mnaofunga mnalijua jambo hili kwa mwili wenu. Saa kumi na moja jioni, koo limekauka, glasi ya maji baridi iko mezani, hakuna anayekuona. Mbona hunywi? Kwa sababu hukuamua saa ile. Uliamua usiku, uliponuia. Ungeachiwa kuamua palepale mbele ya glasi, wengi wetu tungeshindwa ifikapo tarehe tatu. Mgeni wa mto naye alikuwa na saa yake ya kuamua, nayo ilikuwa nchi kavu, kabla ya tyubu kugusa maji. Ukishakalia tyubu mto unakupeleka baa hadi baa, huna miguu chini. Kwa hiyo anayejenga mahali ambapo mtu hatasimama tena kufikiri, halafu akasema "alichagua mwenyewe", ananichekesha kwa uchungu.

Hoja ya pili ni riziki. Hii nayo tuipe haki yake. Qur'ani yenyewe katika Suratul Baqarah, aya ya 219, haikukanusha kwamba ulevi na kamari vina manufaa kwa watu. Imekiri manufaa, kisha ikapima, ikasema dhambi ni kubwa zaidi. Mwanachuoni muadilifu hupima hivyo, haanzi kwa kusema watu wa Vang Vieng ni wabaya. Walikuwa maskini, na pesa ilikuja inaelea juu ya maji. Ila tupime kweli: manufaa yalimfikia nani na madhara yalibaki kwa nani? Kelele za muziki zilibaki kwa vijiji, na yule mkulima aliyeanzisha tyubu alikuwa miongoni mwa waliolalamika. Wageni walipita mitaani nusu uchi hata mji ukabandika matangazo ya kuwaomba wajisitiri (nasikia mtu wa Nungwi anatikisa kichwa). Na waandishi waliofika huko waliandika kwamba watoto wa hapo waliacha kuogelea mtoni, kwa kuogopa roho za waliokufa humo. Tuache itikadi ya roho, hiyo si darsa ya leo. Nawaomba mfikirie mtoto tu. Mto wa babu yake, alimojifunzia kuogelea, haingii tena. Hilo nalo ni hasara, na hakuna kaya ya ushirika iliyoliandika kwenye daftari lake.

Mwaka 2012, baada ya malalamiko ya familia na serikali za nje, serikali ya Laos ilifunga baa zile. Pembea zikashushwa, mitelezo ikang'olewa. Haikuchukua miaka, ilichukua wiki. Naliona hili ni zito kuliko yote, maana linaonyesha kwamba muda wote ule liliwezekana. Wakafuata watu wa mapango, wa kupanda miamba, wa mitumbwi, wa maputo ya kuruka angani, na mwishoni mwa 2021 reli mpya ikafika kutoka Vientiane. Tyubu hazikupigwa marufuku. Bado zinaelea, na baa chache zilirudi. Waliopata hasara siku zile walikuwepo, wengine walijenga kwa mkopo, wala simcheki mtu aliyefungiwa riziki. Lakini mji haukufa njaa.

Kisha Novemba 2024 mji huo huo ukarudi kwenye habari. Watalii sita, wawili wa Denmark, wawili wa Australia, mmoja Mwingereza na mmoja Mmarekani, walikufa kwa pombe yenye methanoli, ile sumu ambayo hapa Afrika Mashariki imeua wanywaji wa gongo na chang'aa mara nyingi. Huwezi kuionja ukaijua. Hapo ile hoja ya ridhaa inakwisha kabisa, kwa sababu hakuna aliyeridhia kunywa sumu. Aliridhia kuamini mkono uliompa glasi.

Yule kijana wa boti nilimwambia hivi: usukani unaujua, na mwamba ulipo wakati wa maji kupwa unaujua, mgeni haujui. Siku atakapotaka kuruka na wewe unaona amelewa, zima mashine, mshike mkono, hata bosi akikufokea. Na kazi nyingine tuitafute pamoja; wapo humu kwenye kundi wenye boti za uvuvi na za kupeleka wageni kwenye matumbawe, tena wasiopakia pombe. Mwenye nafasi anitumie ujumbe faragha kabla ya tarawehe, jina lake sitalitaja.

Kesho inshaallah tutasoma maswali yenu ya zaka ya biashara. Mtu wa duka la nguo aliyeuliza juzi, swali lako nimeliona.