Kijana wa Butali, Uso Wako Ni Mtaji

Simama kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, hapo Butali, wakati kiwanda cha sukari kinasaga, utazame watu. Matrekta yanavuta trela zilizosheheni miwa, malori yanapiga honi, harufu ya molasi imetanda, na katika makelele hayo hakuna anayemsikia mwenzake. Mwendesha boda boda anainua kidole kimoja na nyusi zote mbili. Mama aliyejitwika karai la ndizi hawezi kutikisa kichwa, kwa hiyo anabetua mdomo, anageuza macho upande wa Malava kana kwamba ameamua kutembea, kisha anamwonyesha kidole kilichokunjwa katikati. Kijana anashika kifua kama aliyechomwa mkuki. Anacheka. Anapangusa kiti cha nyuma kwa kiganja, na mama anapanda na karai lake. Bei imeafikiwa na hakuna aliyetamka hata neno.

Wewe unayetaka kuwa mwigizaji na unalia kwamba Nairobi ni mbali, kamera ni ghali na lafudhi yako inachekwa, umepita hapo mara ngapi bila kutazama? Kuna mtu aliyepanda hadi kileleni Hollywood kwa ujuzi huo huo wa yule mama wa ndizi, na hakuupata chuoni. Aliupata nyumbani kwao, katika hali ambayo majirani wengi wangeiita balaa.

Aliitwa Lon Chaney. Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1883 katika mji wa Colorado Springs, Marekani. Baba yake, Frank, alikuwa kinyozi. Mama yake, Emma, alikuwa binti wa mwanzilishi wa shule ya viziwi ya Colorado. Wazazi wote wawili walikuwa viziwi. Kwa hiyo mtoto huyu alijifunza kuzungumza kwa mikono na uso kabla hajajua kwamba kuna watu hulipwa kwa kazi hiyo. Kisha mama akashikwa na ugonjwa wa baridi yabisi uliomlaza kitandani. Lon akaacha shule akiwa darasa la nne ili amuuguze.

Hebu itazame picha hiyo vizuri. Mvulana anatoka sokoni, mama amelala, hasikii na hawezi kuinuka kwenda dirishani. Anataka kujua mji umeamkaje. Mtoto anasimama mbele ya kitanda na kuwa mji mzima: anakuwa mwenye duka anayekunja ndita, anakuwa mlevi anayepepesuka, anakuwa bibi kizee anayevuka barabara kwa hofu. Akikosea, mama haelewi, na hapo hakuna maneno ya kujitetea. Itabidi arudie mpaka macho ya mama yaonyeshe kwamba habari imefika. Sijui chuo cha sanaa chenye mtihani mkali kuliko huo.

Vijana wengi wa huku kwetu Kabras wana nyumba ya namna hiyo kwa njia moja au nyingine. Kuna bibi aliyepooza upande mmoja. Kuna mjomba ambaye hasemi na watoto wanamkwepa. Humu humu kaunti yetu, huko Mumias, kuna shule za viziwi, na katiba yetu ya 2010 imeipa Lugha ya Ishara ya Kenya nafasi kando ya Kiswahili na Kiingereza kama lugha rasmi ya Bunge. Hata hivyo ukimwona kiziwi sokoni unapunga mkono hewani ovyo, unacheka kwa aibu na kuondoka. Chaney angekaa. Angetazama jinsi bega linavyotangulia kabla ya mkono, jinsi jicho linavyouliza swali. Jifunze lugha hiyo kwanza kwa heshima ya wenyewe. Faida ya jukwaani itakuja nyuma yake.

Usidhani basi kwamba mlango ulifunguka. Alianza kwa kubeba vifaa vya jukwaani katika ukumbi wa mji wao, akazunguka kwa miaka na vikundi vya maigizo na nyimbo, leo mji huu, kesho ule, mfuko mtupu. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika vibaya: mwaka 1913 mkewe alijaribu kujiua kwa sumu huko Los Angeles, ndani ya ukumbi ambamo Lon mwenyewe alikuwa kazini. Fedheha ikamfungia milango ya jukwaa. Akakimbilia filamu, ambazo wakati huo wasanii wengi wa jukwaani waliziona kazi ya waliokosa kazi. Katika studio ya Universal akawa anapewa chochote kilichobaki: jambazi, mzee, baharia, mtu wa kupigwa risasi mapema. Alicheza makumi kwa makumi ya filamu hizo, na nyingi zimepotea hata hatuwezi kuziona leo.

Ndipo akaingia ofisini kuomba nyongeza. Alitaka dola 125 kwa wiki na mkataba. Meneja wa studio, William Sistrom, akamwambia hatawahi kustahili zaidi ya dola 100 kwa wiki.

Wangapi kati yenu mmeshaambiwa maneno ya jinsi hiyo? Si lazima na meneja. Huenda ni mwalimu, huenda ni baba, huenda ni rafiki anayekupenda kweli. Bei yako imetajwa, na aliyeitaja ana meza na wewe umesimama. Chaney hakupiga meza wala kutukana mtu. Aliondoka. Akakaa bila kazi ya maana kwa muda, na muda huo haukuwa mtamu, maana alikuwa na mke mpya na mtoto. Mwaka 1918 nyota wa filamu za ng'ombe na bastola, William S. Hart, akampa nafasi. Mwaka uliofuata, katika The Miracle Man, alicheza tapeli anayejifanya kilema, ambaye mwili wake unanyooka kiungo kwa kiungo mbele ya umati unaoamini ni muujiza. Watu walitoka ukumbini wakiuliza huyu ni nani.

Kilichofuata kinajulikana. Mwaka 1923 alikuwa Quasimodo, mpiga kengele mwenye kibyongo katika The Hunchback of Notre Dame. Mwaka 1925 akavuliwa kinyago katika The Phantom of the Opera, ikaonekana sura ambayo mpaka leo inatisha. Sura zote hizo alijitengenezea mwenyewe, kwa pamba, gundi, nta na waya, kutoka katika kisanduku kidogo alichokibeba mkononi. Kinachonifurahisha zaidi ni hiki: mtoto aliyeishia darasa la nne ndiye aliyeombwa kuandika makala ya upambaji wa sura za filamu kwa toleo la 1929 la Encyclopaedia Britannica.

Hapa niseme jambo ambalo wahamasishaji wengi hulipita kwa mbio. Katika The Penalty ya mwaka 1920, Chaney alicheza jambazi aliyekatwa miguu. Alikunja miguu yake nyuma, akaifunga kwa mikanda na kutembea kwa magoti ndani ya viatu vya ngozi, akivumilia muda mfupi tu kila mara kwa sababu damu ilikuwa haipiti. Kuna wanaosimulia kisa hicho kama amri kwamba lazima uumie ndipo ufaulu. Mimi simo. Mwili ni mmoja, na mwigizaji aliyeharibika mgongo akiwa na miaka ishirini na tano hana filamu ya pili. Chukua kwake ile subira ya kukaa mbele ya kioo mpaka sura ya mtu mwingine ije. Mikanda mwachie yeye.

Sasa sikiliza hili linalotuhusu sisi kabisa. Mwaka 1928 Chaney aliigiza katika filamu iitwayo West of Zanzibar, iliyoongozwa na Tod Browning. Magharibi ya Zanzibar ni wapi? Ni bara, ni upande wetu huu. Chaney ni mfanya mazingaombwe aliyevunjika mgongo, anajikokota sakafuni kwa mikono akitafuta kisasi, na kwa ufundi ni kazi ya kutisha kwa uzuri wake. Lakini Afrika iliyomzunguka ilijengwa studioni California. Weusi waliomo ni kundi la washenzi wanaochoma watu na kupiga ngoma, hawana mama, hawauzi ndizi. Na wakati huo huo Zanzibar yenyewe ilikuwa na jumba zuri la sinema, Royal, tangu 1921. Wazanzibari walikuwa wakiitazama Hollywood kwa miaka saba, nayo Hollywood haikujua hata wamevaa nini.

Ukikasirika, vizuri. Kasirika ukifanya kazi. Pengo lile lile la 1928 bado liko wazi: nani ameigiza mkata miwa wa Butali, anavyofuta jasho kwa mkono wa panga bila kujikata, anavyokaa chini ya trela kungoja dereva, uso wake ukionyesha hesabu ya karo? Mtu wa Los Angeles hawezi. Mtu wa Nairobi ataigiza vibaya, ataongeza lafudhi ya kuchekesha na kushukuru makofi. Wewe umemwona huyo mkata miwa akila, akilala, akigombana na mizani. Ni baba yako.

Na usiniambie watu hawataki filamu bila maneno. Umeingia ukumbi wa vidio, umelipa, ukatazama Wachina wakipigana kwa saa mbili bila kujua wanasema nini, nawe ulijua nani msaliti kabla hajafanya usaliti. Ndiyo maana hata DJ Afro anapoweka Sheng yake juu ya filamu ya kigeni, kazi yake inakaa: matendo yalikuwa yameshasema. Jackie Chan mwenyewe amekiri mara nyingi kwamba alijifunza kwa Buster Keaton, mwenzake Chaney wa enzi ile ya filamu zisizo na sauti. Na Khaby Lame, mzaliwa wa Senegal aliyeachishwa kazi kiwandani Italia mwaka 2020, alianza kuweka video fupi ambamo hasemi kitu, anatazama tu na kunyoosha mikono. Juni 2022 akawa mtu mwenye wafuasi wengi kuliko wote kwenye TikTok.

Sauti ilipoingia, wengi waliapa kwamba Chaney amekwisha. Alichelewa kuikubali kuliko karibu nyota wote wa studio yake, kisha mwaka 1930 akatoa The Unholy Three, akazungumza kwa sauti tano tofauti, ikiwemo ya bibi kizee na ya kasuku, na studio ikamtaka atie sahihi hati ya kiapo kwamba zote ni zake. Alifariki tarehe 26 Agosti mwaka huo huo kwa saratani, akiwa na miaka 47. Alikuwa ameshawajibu.

Kwa hiyo tuanze kazi. Butali imeshafanya jambo ambalo watu walidhani ni la mjini: timu ya hoki yenye jina la mji huu wa miwa, Butali Warriors, imewahi kuwa bingwa wa ligi kuu ya taifa. Hakuna aliyezaliwa Kabras akiwa ameshika fimbo ya hoki. Walizoezwa.

Chukua simu hiyo hiyo iliyopasuka kioo. Zima sauti. Kwa wiki hii usiigize chochote. Kaa steji ya matatu, kaa kwenye mizani ya miwa, kaa kanisani viti vya nyuma, uchague mtu mmoja na umtazame kwa adabu mpaka ujue anashikaje kikombe akiwa na deni. Usimkejeli. Anayekejeli hutazama mara moja tu. Wiki ijayo rekodi dakika moja: mkulima amekuja kuuliza malipo yake ofisini, na karani hayupo. Hakuna neno, hakuna muziki, hakuna maandishi. Kama bado uko shuleni, mpelekee mwalimu wa drama kabla ya tamasha la shule kuanza ngazi ya kaunti ndogo, kwa sababu tamasha la taifa lina kitengo cha filamu na hakidai kamera ya mamilioni. Kama umemaliza shule, tafuta wenzako wawili, mmoja ashike simu na mwingine awe karani.

Kisha mwonyeshe mtu asiyekujua na asiyejua Kikabras: dereva wa lori kutoka Malaba, fundi Mhindi, mgeni aliyeshuka njiani kununua muwa. Usimweleze kitu. Mtazame usoni anapoitazama, na pale jicho lake linapopotea, andika sekunde hiyo, urudi ukairekodi upya.