Wadhamini wa Ubatizo, Mko Wapi?



Kwa utaratibu wa Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, ambao wazee wetu waliupokea, mtoto wa kiume anayebatizwa yampasa kuwa na baba wawili wa ubatizo na mama mmoja. Wa kike mama wawili na baba mmoja. Watu hao watatu huagizwa mbele ya kanisa lote kwamba mtoto afundishwe Imani ya Mitume, Sala ya Bwana na Amri Kumi, kisha aletwe kwa Askofu apate kipaimara. Basi sherehe ikiisha na chakula kuliwa, kila mtu huenda zake.

Mwaka huu tulifungua daftari la ubatizo kumtafutia kijana mmoja cheti, maana ataka kufunga ndoa. Tukakuta mdhamini wake mmoja amehamia Mwanza, wa pili hakumbuki kabisa kwamba alisimama, na wa tatu ni mmoja wetu sisi tunaoandika maneno haya. Tuliona haya.

Lakini la kijana huyo ni dogo. Binti mmoja wa hapa kwetu alipata kipaimara mwezi wa Agosti. Katika darasa lile hakuna aliyemshinda kwa kujibu. Desemba ikafika, shule zikafungwa, msimu wa tohara ukaanza, naye akakeketwa pamoja na wenzake. Katika wiki zile zote hakuna mtu wa kanisa aliyefika nyumbani kwao. Hakuna aliyetukataza kwenda. Tuliogopa kuonekana twaingilia mambo ya ukoo na ya wazee wa mila. Januari alirudi kanisani akaketi benchi la nyuma, nasi hatukujua la kumwambia.

Sheria ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18, na kila mtu Tarime na Serengeti aijua. Lakini sheria haiketi jikoni na bibi wa mtoto, na mdhamini aweza kuketi. Wako mabinti wanaokimbilia Masanga, na wengine Nyumba Salama ya Mugumu, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili ya nyumba hizo. Hata hivyo tujiulize: binti aliyetembea usiku peke yake kutafuta mlango wa kubisha, wale watatu waliosimama naye kwenye kisima cha ubatizo walikuwa wamelala wapi?

Twasoma katika Matendo ya Mitume habari za Barnaba. Wanafunzi wa Yerusalemu walipomwogopa Sauli, yeye ndiye aliyemchukua akampeleka kwa mitume. Baadaye, alipokuwa Antiokia, alifunga safari mpaka Tarso kumtafuta. Alimfuata mtu mwenyewe alipo. Priskila na Akila nao waliposikia Apolo akifundisha, na mafundisho yake hayajatimia, hawakumsahihisha mbele ya watu katika sinagogi. Walimchukua kwao wakamweleza. Laiti sisi viongozi tungekumbuka jambo hili kabla ya kumkemea kijana mbele ya kwaya!

Na hata Uamsho ulioigusa Afrika ya Mashariki haukuanza kwa mkutano mkubwa. Mwaka 1929, huko Namirembe, Uganda, Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini katika Rwanda. Wawili hao walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Kutoka kwao habari zikapita kwa mtu na mtu, na mwaka 1942 moto ukawaka kwa ndugu zetu Wamennonite pale Shirati, ambayo sasa iko wilaya ya Rorya. Wazee waliolelewa katika Uamsho walizoea kutubu waziwazi mbele ya wale waliowalea. Sisi twataka vijana waungame, na sisi wenyewe hatuungami neno.

Dayosisi yetu ya Tarime ilipotengwa na ile ya Mara mwaka 2010, tulifurahi kwamba Askofu atakuwa karibu. Ni kweli yu karibu. Lakini Askofu aweza kuweka mikono juu ya watoto wengi asubuhi moja. Hawezi kujua ni nani kati yao ameacha shule akaenda kutafuta mawe ya dhahabu Nyamongo, wala ni nani anayeendesha pikipiki Sirari na kurudi usiku wa manane. Baba wa ubatizo aweza kujua, kama akiuliza.

Mama mmoja wa kanisa letu alifanya hivi. Mwezi wa Septemba, kabla ya maneno ya tohara kuanza kusemwa, alikwenda kwa wazazi wa binti yake wa ubatizo. Siku ya kwanza hakusema neno juu ya jambo hilo. Alisaidia kuanika mtama akala ugali akaondoka. Alirudi mara nne. Mara ya tano alizungumza na bibi, kisha na baba, akaomba mtoto aje kwake likizo yote. Baba alikasirika, wakakaa kimya muda mrefu, mwisho akamwita mtoto akamwambia afunge nguo zake. Mama huyo hajui kusoma vizuri, wala hajawahi kufundisha darasa la kipaimara.

Daftari la ubatizo litakuwa wazi mezani kwa mwinjilisti kila Jumapili baada ya ibada, hadi mwisho wa Oktoba. Kila aliyepata kuwa mdhamini aje atazame majina ya watoto wake wa ubatizo, na asiyejua mtoto anakaa wapi siku hizi aulize hapo hapo. Yule wetu tuliyemtaja ameshaanza: ameandika barua, na Jumamosi atakwenda.