Kupenda na Kumiliki

Mwaka 1968 mwandishi wa Kimarekani, Peter S. Beagle, alitoa riwaya iitwayo The Last Unicorn. Filamu ya katuni ilitengenezwa kutokana nayo mwaka 1982, na kitabu kingali kinasomwa. Mhusika mkuu ni mnyama wa pembe moja wa ngano za Ulaya, mweupe, na katika kitabu hiki hafi. Anawasikia wawindaji wakisema kuwa yeye ndiye wa mwisho duniani, naye anaondoka msituni kuwatafuta wenzake. Kumbe wote wamesukumwa baharini na Fahali Mwekundu, chini ya ngome ya Mfalme Haggard.

Mfalme hakuwafungia kwa ajili ya nyama wala mali. Amewafungia kwa kuwa hakuna kingine kinachomfurahisha. Hapo ndipo penye swali: je, mtu akikipenda kitu kwa dhati, ana haki ya kukizuia?

Tusimhukumu upesi. Furaha yake ni ya kweli. Lakini uzuri uliokuwa wa walimwengu wote umekuwa wa jicho moja, na nchi yake ni kame.

Lír, mwanawe wa kulea, anatoa jibu jingine. Mnyama yule amegeuzwa binti ili aokolewe na Fahali, nao wawili wamependana. Binti mwenyewe anaomba abaki mwanadamu. Lír ndiye akataaye, kwani akimpata yeye, waliofungwa hawatakombolewa.

Wako watakaosema kuwa kuachilia ni uzembe. Huenda ikawa hivyo. Lakini Lír hakukunja mikono. Alisimama mbele ya Fahali akafa, hata alipofufuliwa kwa ile pembe.

Nami niliwahi kuwa Haggard mdogo. Mwanafunzi wangu hodari wa insha alipata nafasi katika shule iliyo bora kuliko yetu. Nilimshauri babake amzuie, nikidai kuwa ni kwa faida ya mtoto. Ukweli ni kwamba darasa langu lilichangamka kwa sababu yake. Alibaki, na kalamu yake ikapoa.

Mwishoni mnyama yule anarudi msituni akiwa peke yake katika jamii yake ajuaye majuto. Basi hata upendo ulioachilia huacha kovu. Nawaulizeni, wenzangu: tunapomkataza mwanafunzi kuondoka, ni nani hasa tunayemwonea huruma?