Chozi Lisilo na Mkono

Mwaka 2012 Sara Lewkowicz, mwanafunzi wa upigaji picha wa Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani, alimfuata kwa picha mtu aliyetoka kifungoni, apate kuonyesha taabu ya kuanza maisha upya. Usiku mmoja wa Novemba mtu yule alimpiga mwanamke aliyekuwa naye, mtoto mdogo akitazama. Mwanafunzi alihakikisha polisi wanaitwa, naye akaendelea kupiga picha. Zilipotolewa na jarida la Time mwaka 2013, watu walisikitika, na wengine wakamlaumu yeye.

Lakini je, masikitiko hayo yalimfaa nani? Kuilaumu kamera ni wepesi, na kuililia picha ni wepesi zaidi, kwani picha haimtaki mtu kuinuka alipoketi. Sisi hapa twasikia kilio nyuma ya ukuta, tukasema, "Mambo ya watu na nyumba yao," tukalala. Yatupasa kubisha hodi: aliyeonewa tumtoe, na aliyedhulumu tumshike mkono asidhulumu tena, kwani naye ni mgonjwa wa nafsi. Huruma isiyovuka kizingiti haijawa huruma bado.